Stroberi Lushoto: mche wa bei rahisi unaweza kukugharimu msimu mzima

WAWEKEZAJI wadogo wanaotaka kuanzisha bustani za stroberi katika milima ya Usambara wanashauriwa kuacha kulinganisha bei za miche peke yake. Katika biashara hii mche ndio mtaji wenyewe, na ubovu wake hauonekani siku ya kununua. Huonekana baada ya miezi mitatu, wakati fedha imekwisha kutoka mfukoni na mvua imekwisha kupita.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni moja: wapi miche ni rahisi? Swali hilo linamfaa mnunuzi wa saruji, kwa kuwa mfuko mmoja ni sawa na mwingine. Miche si saruji. Miche miwili iliyokaa kando kwa kando katika kitalu kimoja, kwa bei ileile, mmoja unaweza kuzaa kwa miaka miwili na mwingine ukafa kabla ya ua la kwanza.

Mwandishi wa ukurasa huu alilipia somo hilo. Miaka michache iliyopita alinunua miche 50 kando ya barabara, si mbali na Soni, kwa ajili ya bustani ya nyumbani. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. "Kaka, hii ni mbegu ya kizungu," alisema, na ilikuwa imebeba matunda mekundu yaliyotamanisha. Baada ya wiki sita majani ya pembeni yakaanza kunyauka mchana na kurudi jioni, kisha hayakurudi tena. Ilibaki miche 19. Baadaye ndipo ilipofahamika kwamba udongo uliojazwa kwenye viriba ulichotwa kwenye shamba la nyanya.

Kwa nini Lushoto

Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, wakati Mombo, chini ya mlima kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha, iko mita zipatazo 400 tu. Tofauti hiyo ya mita 1,000, ambayo basi huipanda kwa kona nyingi, ndiyo inayofanya stroberi ikubali juu na kukataa chini. Mmea huu hupenda joto la nyuzi 15 hadi 25 hivi. Likipita hapo kwa muda mrefu, unaendelea kutoa majani lakini maua yanapungua au yanakoma kabisa.

Kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam anayepita Lushoto na kubeba miche kumi kwenda kuipanda uani kwake Mbezi anunue akijua kwamba ananunua pambo. Aliye Mombo au Korogwe naye vivyo hivyo. Fedha ya stroberi iko mlimani, na mtu wa bondeni anaweza kuipata kwa kununua tunda na kuliuza, si kwa kupanda mche.

Wilaya hii si ngeni kwa matunda ya nchi za baridi. Tangu enzi za Wajerumani, ambao mji huu waliuita Wilhelmstal, plamu, peasi na pichi zimekuwa zikionekana katika bustani za Usambara Magharibi. Shamba la Irente, karibu na mji, linajulikana kwa wageni kwa jamu, jibini na mkate wake. Hilo ni jambo la kutiliwa maanani na mwekezaji, maana stroberi iliyoiva leo na isiyouzwa leo ina njia moja tu ya kuokoa thamani yake, nayo ni sufuria ya jamu.

Aidha, kuna mbolea. Ng'ombe wa maziwa wanafugwa mabandani katika kaya nyingi za Usambara, na samadi si kitu cha kuagiza mbali. Lakini itumike ile iliyooza vizuri, kwa kuwa stroberi haivumilii chumvi na samadi mbichi huunguza mizizi yake.

Hesabu ya tuta moja

Tuchukue tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita 10. Ukipanda mistari mitatu kwa nafasi ya sentimita 30, linaingia miche 100 hivi. Bei zinazofuata ni za kufanyia hesabu tu, si bei za soko za wiki hii; msomaji aondoe hizi na kuweka za kwake.

Tuseme mche "rahisi" ni sh. 300 na mche safi ni sh. 1,000. Mnunuzi wa kwanza anatoa sh. 30,000 na wa pili sh. 100,000. Wote wawili wanatumia sh. 60,000 kwa samadi, vibarua na nyasi za kutandaza. Jumla ya gharama ni sh. 90,000 kwa wa kwanza na sh. 160,000 kwa wa pili, na mpaka hapa wa kwanza anajiona mjanja.

Sasa tuseme miche safi 90 inapona na kila mmoja unatoa robo kilo katika msimu. Hizo ni kilo 22 na nusu, na kwa sh. 8,000 kwa kilo zinaleta sh. 180,000. Kwa yule wa bei rahisi, tuseme inapona 60, nayo kwa kuwa ni dhaifu inatoa nusu ya hapo kila mmoja. Anavuna kilo 7 na nusu, yaani sh. 60,000. Mjanja amepata hasara ya sh. 30,000, na mwenzake amebaki na faida ya sh. 20,000 pamoja na tuta linalokwenda mwaka wa pili.

Hata hivyo, faida ya sh. 20,000 kwa msimu mzima si ya kuitia watu barabarani. Njia bora kwa mwenye mtaji mdogo ni ya tatu. Stroberi hutoa mashina membamba yanayotambaa juu ya udongo, na kila penye kifundo hutokea mche mdogo, ambao wakulima huuita mtoto. Mtu akinunua mama 20 tu walio safi kwa sh. 20,000, akawapanda peke yao katika tuta dogo la sh. 10,000, akawakata maua yote ili nguvu iende kwa watoto, hatakosa watoto watano wazuri kwa kila mama. Hao ni 100. Akiongeza zile sh. 60,000 za tuta kubwa, jumla yake ni sh. 90,000, sawasawa na aliyenunua vya rahisi, lakini mavuno yake ni ya yule wa sh. 160,000.

Anacholipa zaidi ni muda, miezi minne hivi. Wengi hawana subira hiyo, na wauzaji wa miche wanalijua jambo hilo.

Kuuchunguza mche

Kabla ya kuutazama mche, tazama ulikotoka. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuonyeshwa mama. Muuzaji mwenye kitalu cha kweli atampeleka nyuma ya nyumba na kumwonyesha tuta la mama, atamwambia lina umri gani na kabla yake palikuwa na zao gani. Anayesema mama wako "kwa rafiki yangu kule juu" ni mchuuzi, na uchuuzi si dhambi, ila bei yake isiwe ya mwenye kitalu.

Umri wa mama ni muhimu kuliko mwonekano wake. Virusi vya stroberi husambazwa na vidukari, na mmea ukishaambukizwa hauponi, nao unawarithisha watoto wake wote. Virusi haviui upesi. Kila kizazi kinapungua kidogo, tunda linakuwa dogo, majani yanajikunja au kupata umanjano pembezoni, na mkulima analaumu udongo. Kwa sababu hiyo matuta ya matunda hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Watoto wanaochukuliwa kwenye tuta kuukuu la jirani, hata wakitolewa bure, wanakuja na madeni ya miaka yote hiyo.

Kuhusu zao lililotangulia, hapa ndipo Lushoto ina tatizo lake yenyewe. Hii ni wilaya ya mboga. Nyanya, viazi mviringo, pilipili hoho na biringanya ni ndugu wa ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni huwashika hao pamoja na stroberi. Udongo wa mashamba hayo usitumike kwa tuta wala kwa viriba mpaka ipite miaka mitatu au minne. Palipolimwa kabichi, karoti au maharage pana nafuu.

Baada ya hapo, omba ruhusa ya kuutoa mche mmoja kwenye kiriba. Kama muuzaji anakataa, mnunue huo mmoja na uuchane mbele yake. Ni gharama ndogo kuliko zote utakazoingia. Mizizi iwe mingi, yenye rangi ya maziwa au kahawia nyepesi. Ikiwa meusi na inateleza mikononi, imeoza. Ikiwa na vinundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, na ukiipeleka nyumbani utaishi nayo miaka mingi baada ya stroberi kwisha. Kisha kata kwa kisu lile shina fupi nene ambako majani yote huanzia. Ndani pawe peupe. Pakiwa na rangi ya kutu au wekundu wa damu, usinunue hata mmoja katika kundi hilo, hata ile inayoonekana mizuri.

Majani machanga ya katikati yafunguke vizuri. Yakiwa yamekunjamana, magumu na madogo, mara nyingi ni utitiri, mdudu asiyeonekana kwa macho. Madoa machache ya zambarau kwenye majani ya zamani si jambo la kuvunja biashara. Majani hayo hukatwa na kuchomwa.

Na tunda? Mche wenye tunda jekundu unauza macho. Ulio bora kununua ni mdogo, wenye majani matatu au manne, usio na ua. Ule uliokwisha kuzaa ndani ya kiriba umetumia akiba yake kabla hujaulipia.

Aina

Wauzaji wengine hudai bei ya juu kwa miche "inayozaa mwaka mzima". Maneno hayo yametoka kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani, ambako siku za kiangazi ni ndefu na za baridi ni fupi, na aina za stroberi hugawanywa kufuatana na urefu wa siku. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Hapa siku ni ya saa 12 hivi mwaka mzima, na kwa stroberi hiyo ni siku fupi. Hata aina za kawaida, madamu hali ya hewa ni ya ubaridi, zinaweza kutoa maua miezi mingi. Usiongeze hata senti kwa sifa hiyo peke yake.

Kinachofaa kulipiwa ni ugumu wa tunda. Chandler, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983, ina ladha nzuri na inafaa kwa jamu na kwa hoteli za karibu, lakini tunda lake ni laini. Camarosa, ya chuo hichohicho katika miaka ya 1990, ni gumu zaidi na linastahimili safari. Stroberi iliyoiva ikikaa katika joto la kawaida la chumba haina zaidi ya siku moja au mbili, na kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300. Mwenye mteja Lushoto mjini achague ladha. Mwenye mteja Dar achague ugumu, na hata hivyo atahitaji sanduku la barafu.

Kuhusu aina mpya, kuna sheria. Tanzania ilitunga mwaka 2012 sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 ikajiunga na umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo. Aina ambayo haki zake zimesajiliwa nchini haiwezi kuzalishwa na kuuzwa miche bila idhini ya mwenye haki. Anayetaka kuingia katika biashara ya kuuza watoto, si matunda tu, aulize jambo hili mapema. Aina za zamani kama Chandler hazina usumbufu huo.

Vilevile wapo wanaobeba miche kutoka Kenya ndani ya mifuko ya nguo. Miche inayovuka mpaka inatakiwa iwe na kibali na cheti cha afya ya mimea, kazi ambayo kwa upande wetu iko chini ya TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Wengine huona ni urasimu. Lakini mwaka 2021 watafiti walichapisha taarifa ya kugunduliwa nchini Kenya kwa nzi mdogo wa matunda aitwaye kitaalamu Drosophila suzukii, ambaye tofauti na nzi wengine wa jamii yake hutaga mayai ndani ya tunda zima linaloanza kuiva. Nzi huyo hupenda stroberi na rasiberi. Mkoba mmoja wa matunda au wa miche yenye udongo unatosha kumpandisha mlimani.

Matunda mengine madogo

Bluberi inasifiwa sana siku hizi, na bei zake madukani mijini zinavutia. Lakini inahitaji udongo wenye uchachu wa kati ya 4.5 na 5.5, mche wake ni ghali, unasubiriwa miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa vya kutosha, na aina nyingi zifaazo kwa nchi zisizo na baridi kali zina wenyewe. Kwa shilingi ya kwanza ya mtu wa bustani ya nyumbani, ukurasa huu haushauri. Anayeng'ang'ania aanze kwa kupima udongo. Kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, kimebobea katika mambo ya udongo na kiko ndani ya mkoa huuhuu wa Tanga.

Forosadi haistahili kununuliwa kabisa. Kipande cha tawi chenye unene wa penseli, kikichomekwa ardhini mwanzo wa mvua, kinashika. Omba kwa jirani.

Linalosahauliwa ni lile tunda dogo la manjano linalokaa ndani ya ganda kama la karatasi, ambalo madukani huitwa gusiberi. Huoteshwa kwa mbegu, na likiachwa ndani ya ganda lake, mahali pakavu, hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Kwa mfanyabiashara wa Lushoto mwenye mteja wa mbali na asiye na jokofu, hiyo ni sifa kubwa kuliko utamu. Tatizo lake ni kwamba nalo ni la ukoo wa nyanya, kwa hiyo lisipandwe palipotoka nyanya wala karibu na tuta la stroberi.

Wakati wa kununua

Hoteli na nyumba za wageni za Usambara hupata watu wengi zaidi kati ya Juni na Septemba, na tena karibu na Krismasi. Mche mzuri huanza kutoa tunda miezi mitatu hivi baada ya kupandwa. Anayelenga wageni wa Julai na Agosti anapaswa kuwa na miche ardhini mwezi Aprili, masika yakiendelea, kwenye tuta lililoinuliwa ili maji yasisimame. Kwa njia ya mama 20, hao mama wanapaswa kununuliwa Novemba au mapema Desemba, wakati wa vuli. Hapo ndipo wengine hawanunui, na hapo ndipo mnunuzi ana nafasi ya kuzungumza bei.

Aidha, anayevuna Julai na Agosti awe na maji ya kumwagilia, kwa kuwa mvua zitakuwa zimepungua. Kwa tunda hilo ni afadhali, maana stroberi ya katikati ya masika huoza kwa ukungu kabla haijaiva vizuri, na ndiyo maana haifai kuhesabia sana mavuno ya Aprili na Mei.

Siku ya kununua, nenda asubuhi na ndoo au kreti yenye majani mabichi ya mgomba, si mfuko wa plastiki uliofungwa. Panda jioni. Lile shina fupi la katikati likae sawasawa na uso wa udongo: likizikwa huoza, likiachwa juu hukauka. Miche mipya usiipeleke moja kwa moja kando ya tuta la zamani. Iache mbali, na jembe lake na ndoo yake, kwa wiki tatu. Ikianza kunyauka mchana ndani ya wiki hizo tatu, ing'oe yote na uichome. Utakuwa umepoteza fedha ya miche hiyo, na tuta la zamani litakuwa limesalimika.